Moyo Uliotwanga Karanga

Malukhu, Mbale
8 Agosti 2024

Mpendwa mpwa wangu Andrew,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Natumaini huko Nakuru wote ni wazima, wewe, Olivia na watoto, na kwamba baridi ya huko haijakukaa kifuani. Sisi huku tunapumua. Mvua imezidi, magoti yangu yamegoma, na meno yaliyobaki hayaonani. Zaidi ya hapo sina neno.

Kabla sijasahau, siku hizi mjomba wako ni injinia wa kompyuta. Mimi niliyeishia darasa la tano nimetengeneza programu inayosoma mapigo ya moyo wa mtu. Waambie majirani zako.

Haya, nimedanganya. Aliyetengeneza ni Daphine, binti wa mwanangu Margret, yule wa mtaa wa Nkoma anayelipwa mshahara kwa kukaa kwenye kiti mbele ya kompyuta. Mimi nilikuwa mwili tu. Nitakueleza, ila usicheke mpaka mwisho, maana mwisho wake hauchekeshi.

Mama yako anaumwa, Andrew. Miguu imevimba, na kutoka mlangoni hadi chooni anapumzika njiani kama anayepanda mlima Wanale. Kliniki moja ilimpa mkanda wa kuvaa kifuani, chini ya gauni lake la gomesi. Mkanda unahesabu mapigo ya moyo na unajua kama mtu ametulia au anajitikisa. Unaipa simu habari hizo, na simu inazipeleka kliniki kwa mtandao. Sisi tunaona taa moja tu kwenye simu, kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Taa ya dada yangu ilikuwa kijani tangu Pasaka. Miguu inavimba, taa kijani. Anakosa pumzi akiongea, taa kijani.

Daphine akasema ama mkanda umeharibika, ama kliniki inatudanganya, na njia ni kuangalia chenyewe kinachopita. Ana programu inayokaa katikati ya simu na mtandao. Inafungua kila kitu kinachopita, inakionyesha, halafu inakiacha kiende zake. Nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Unaikumbuka kazi yangu gerezani Jinja, barua ya mfungwa haitoki mpaka niifungue. Nikikuta imeandikwa Kiacholi, nami sijui hata neno, namwita askari wa kutoka Gulu anisomee. Ikiwa ya Kilugbara, namwita mwingine.

Basi na programu hiyo ni hivyohivyo. Picha inajua kuzionyesha, maandishi ya kawaida pia inajua. Lakini mkanda unafunga habari zake kwa mtindo wake wenyewe, na kwenye kioo yalitoka matakataka matupu, kama kuku aliyekanyaga wino na kupita juu ya karatasi. Walioitengeneza wameacha nafasi kwa jambo kama hilo. Ukijua kuandika, unaiongezea kionyeshi chako, unaiambia ikikutana na mzigo wa aina hii imwite huyu ausome. Daphine akaamua kukiandika.

Hapo ndipo nikawa mwili. Alinivisha mkanda, akanikalisha, akatazama. Akanitembeza uani, akatazama ni namba zipi zimebadilika. Kisha akataka nikimbie. Nikamwambia mzee wa umri wangu akikimbia bila kufukuzwa, watu huita polisi. Nilikimbia hata hivyo, na nusu ya Malukhu ilikuja kutazama. Kionyeshi chake cha kwanza kikasema moyo wangu unapiga mara elfu kumi na nane kwa dakika. Nikamwuliza kama mimi ni babu yake au kinu cha kusaga mahindi. Kumbe alikuwa akizisoma namba kinyume, ya nyuma anaiweka mbele. Akageuza, nikashuka hadi sabini na mbili. Nikashukuru kuwa hai.

Jumamosi tukaenda Busiu. Mama yako alikuwa kwenye mkeka mlangoni, amefunika miguu ili tusiione. Tukamwuliza kama amevaa mkanda. Akasema amevaa, na kwamba mimi nilistaafu zamani, niache kuhoji watu. Daphine akaunganisha simu na kompyuta yake, akaipa simu cheti cha kuiamini ile programu, tukangoja.

Habari zikaanza kupita, na safari hii zikasomeka. Moyo safi, wa mtu mwenye nguvu, na mwili unajitikisa bila kuchoka. Mama yako yuko mbele yangu, hata kikombe cha uji hajakiinua. Daphine akadhani ameharibu tena kionyeshi, akaanza kukikagua mstari kwa mstari. Mimi nikaacha kutazama kioo, nikasikiliza. Nyuma ya jiko jirani yake Night, yule mama mwenye mikono ya mwanajeshi, alikuwa anatwanga karanga. Mchi ukishuka, mstari kwenye kioo unaruka. Night akivuta pumzi, mstari unalala.

Nikamwita. Akaja na mchi mkononi, macho chini. Hakuna aliyemgombeza. Mama yako mwenyewe ndiye aliyesema, "Nilimwomba anivalie. Wakiuona moyo wangu watanipeleka Kampala. Baba Andrew alikwenda Kampala akiwa anaongea."

Night akauvua, tukamvisha mwenyewe. Andrew, namba sitakuandikia. Zilikuwa zinakwenda, zinasimama, zinakwenda tena, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Daphine alikuwa amekipaka kionyeshi chake rangi, na rangi zile zilimpa majivuno sana wiki nzima. Nikamwambia azirekebishe namba hizo, kama alivyozirekebisha zangu.

"Babu, kinaonyesha tu," akasema. "Hakibadilishi kitu."

Na kinachopita kinapita, kliniki nao wakakipata. Taa ikawa nyekundu kabla hatujanyanyuka kwenye mkeka. Nesi akapiga simu, anataka aletwe wiki ijayo bila kukosa, kisha apelekwe Kampala. Tulipoondoka, mama yako aliuvua mkanda. Haupo kifuani kwake wala kwa Night. Padri amesema naye, Daphine amelia, mimi nimemtania mpaka nikaishiwa. Hasikii mtu.

Juzi nilirudi peke yangu, nikakaa naye bila kusema kitu, jambo ambalo unajua si kawaida yangu. Mwishowe akasema ni wewe uliyeamua baba yenu apelekwe, na hajakulaumu hata siku moja, ila tangu mazishi hujampigia. "Andrew akisema niende, nitakwenda," akaniambia. "Lakini Andrew hasemi."

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeandika. Daphine ataipiga picha barua hii akutumie, kwa hiyo usije kusema imepotea Posta.

Margret na Daphine wanakusalimu. Night pia, kwa aibu. Msalimie Olivia, na watoto uwaambie babu yao wa Mbale bado ni mkorofi. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape usingizi usio na simu mbaya.

Sasa nisikilize. Ulipovunja dirisha la Afande mkuu kule kambini Jinja, nilisema ni mimi, nikafyeka nyasi za kambi nzima huku wewe unakula muhogo kivulini. Sijawahi kukudai. Leo nadai. Jumapili baada ya misa, simu itakuwa mkononi mwake. Mpigie. Usianze na moyo wala mkanda, mwulize habari za kuku wake, umwache aseme mpaka achoke. Halafu umwambie aende, kwa mdomo wako mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata ukinyamaza,

Aloysius Gidudu