Namkunda Amejua Kwamba Hukusafiri

Dada Nakiete,

Mwanao Namkunda ni mzima. Nianze na hilo, maana najua ungeliuliza kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu.

Unakumbuka alipokuwa mchanga, ukifunika kijiko kwa kanga, yeye anageukia kitu kingine? Ulicheka: "Kisichoonekana, kwake hakipo!" Basi homa ilipokuchukua, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kufunua vilivyofichwa. Nilihamia kwa wakwe zako hapa Gonja kumlea, nikamkuta anafunua kila kitu. Kanga zako, kapu, blanketi la mama mkwe wako. Alikuwa akikutafuta, dada, na hajui kusema.

Alipopata maneno, akafunga gunzi kwa kitambaa, akalilisha makande ya udongo, akaliita mtoto. Kisha yakaja maswali. Siku moja nikiwa shambani, mama mkwe akamwonea huruma, akamjibu: "Mama amesafiri, kama baba." Mtoto wa umri ule hushika neno kama lilivyo.

Vita vya Mwingereza vikaisha. Tukashuka Same kumpokea shemeji, mumeo, akirudi kutoka vitani. Akateremka kwenye treni na sanduku lake la askari. Namkunda akamwamkia vizuri, halafu akampita. Akasimama mbele ya mlango wa behewa, akangoja.

"Na mama?"

Watu wakaendelea kushuka. Shemeji alinitazama mimi.

Nikachuchumaa pale pale vumbini. "Mama hakusafiri. Alikufa. Hapumui tena, haumwi tena, harudi."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

"Hata Krismasi?"

Hata Krismasi, dada. Nilimwambia hivyo. Alilia, baba yake akambeba kupanda mlima mzima. Mama mkwe alininunia, akasema nimemvunja mtoto. Sikujuta.

Juzi binamu yake mdogo alimuuliza uani, mama yako yuko wapi? Namkunda alikuwa akichambua maharage, hata hakuinua macho. "Alikufa. Alikuwa akicheka mpaka anakaa chini."

Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni. "Na kuimba hakujua kabisa!"

Wakacheka, bibi na mjukuu, mpaka maharage yakamwagika.

Pumzika, dada yangu. Lolote atakaloniuliza juu yako nitamjibu kweli, hata lile ambalo wewe ungenikonyeza ninyamaze.

Mdogo wako,
Nanzia