Bei ya Fundi Gildardo

Jumatatu, 2 Septemba 2019

Fundi Gildardo ameleta bei ya kutengeneza jipu, gari letu la kubebea kahawa. Peso milioni tatu na laki nane. Aliisema akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta habari za msiba. Anataka kufungua injini yote. Ringi mpya, beringi mpya, silinda zipelekwe mjini Calarcá zikachongwe.

"Shemeji, gari la mwaka hamsini na nne hilo. Sasa linakunywa oili kuliko petroli."

Nikasema nitafikiri. Sijui hata nafikiri nini. Miaka thelathini na moja mume wangu Arnulfo aliyamaliza haya huko huko gereji, mimi naletewa harufu tu kwenye nguo za kufua.

Yeye alikuwa chumba cha nyuma. Tangu kiharusi cha Machi, mkono wa kulia umelala na maneno yamebaki matatu — ndiyo, hapana, mimi. Sikumwambia bei. Hela iliyopo ni ya yule mama wa kumfundisha kusema upya.

Jumanne, 3 Septemba

Hernán, kaka yangu, ndiye anayeendesha jipu siku hizi. Nilipomtajia bei aliweka kikombe chini.

"Umepigwa, dada. Mwanamke akienda gereji peke yake, wanaona pochi yenye miguu."

Sikwenda, nikamwambia, fundi alikuja mwenyewe.

"Basi wamekupigia nyumbani kabisa."

Anataka tuliuze. Kuna mtu wa Bogotá anayetafuta magari ya aina hii ya kuweka bustanini. Litapandwa maua, watu wapige picha. Nilicheka, halafu sikucheka. Bila jipu, mavuno ya Oktoba yatapita hatujabeba gunia la kahawa la mtu yeyote, na cherehani yangu peke yake haitulishi.

Jioni nilimwomba Gildardo aniandikie kila kitu, kimoja kimoja. Nilidhani atanuna. Aliketi kwenye meza yangu ya kushonea, akaandika nyuma ya karatasi ya kukatia mitindo. Mwandiko mzuri kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 5 Septemba

Calarcá na Hernán, kwa jipu lenyewe, polepole. Kwanza gereji anayoisifu yeye. Fundi wa hapo hakufungua kitu. Alisikiliza dakika mbili, akapangusa mikono isiyo na grisi.

"Ni gasketi tu, mama. Milioni moja na laki mbili. Unaliacha leo, kesho unalichukua."

Nilikaribia kumwachia funguo. Lakini orodha ya Gildardo ilikuwa kwenye mkoba, nikaona aibu kuiomba kisha nisiitumie. Tukaenda duka la spea.

Mama wa duka aliisoma kidole kikitembea kwenye karatasi. Bei za vifaa ni hizo hizo. Viwili Gildardo ameviandika chini ya bei ya duka. Kisha akafika mstari wa mwisho, akavua miwani.

"Ufundi laki nne? Kwa injini nzima, siku sita? Huyu ni ndugu yenu?"

Nikasema hapana.

"Basi muulize vizuri. Hakuna anayefanya kwa bei hiyo."

Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Nilitoka nyumbani nikiogopa bei kubwa, nimerudi naogopa bei ndogo. Atatumia vifaa vya zamani? Ataongeza bei katikati ya kazi, injini ikiwa imeshamwagwa sakafuni? Hernán anasema ndiyo mchezo wao.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimemwambia Arnulfo.

Sikupanga. Nilikuwa namkatia arepa, mkate wa mahindi, vipande vidogo, nikajisikia nasema yote — bei, gasketi, Bogotá, maua. Nikamsomea orodha. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akachukua fimbo, akatoka uani.

Nikaliwasha jipu mwenyewe, Hernán hayupo. Arnulfo alizunguka nyuma, akaweka kiganja cha kushoto mbele ya bomba la moshi. Akakiacha mpaka nikaogopa ataungua. Akakinusa. Akaninyooshea na mimi ninuse. Oili iliyoungua.

Akaja mbele, akainamisha kichwa juu ya injini kama anavyomsikiliza mtoto anayenong'ona. Akanionyesha vidole vitatu.

"Silinda ya tatu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo si gasketi?"

"Hapana." Kwa dharau kabisa.

"Gildardo anasema kweli?"

Hili alilifikiria. "Ndiyo." Lakini akachukua karatasi, akagonga ule mstari wa mwisho. "Hapana. Hapana."

Nilidhani anasema ni ghali. Nikaonyesha kidole chini. Hapana. Nikaonyesha juu. Ndiyo.

Tulizima injini tukakaa kwenye ngazi. Uso wake ulikuwa ule wa kabla ya kiharusi. Miezi sita namuuliza kama ana njaa, kama ana baridi, kama anataka kulala. Sijawahi kumuuliza kitu ambacho yeye anakijua na mimi sikijui.

Jumanne, 10 Septemba

Tumelipeleka kwa Gildardo. Arnulfo alikataa kubaki. Alinyoa, nikamfunga vifungo vya shati la bluu.

Nilimuuliza Gildardo waziwazi, kwa nini ufundi ni laki nne. Alijifanya anatafuta spana.

"Shemeji, hata jasho langu unalikagua?"

Nalikagua, nikasema.

Akakaa juu ya tairi. Kumbe mwaka jana Arnulfo alimletea jipu na moshi huu huu, ukiwa mdogo. Wakati ule ilikuwa ringi tu, kazi ya siku mbili. Gildardo alimwambia asubiri, injini bado ina mwaka mzima ndani yake. "Nilikosea. Silinda zimelika kwa ushauri wangu. Siwezi kumtoza mtu kosa langu."

Arnulfo akapiga fimbo chini. "Mimi." Akajigonga kifua. "Mimi. Mimi."

"Wewe uliuliza tu. Mimi ndiye niliyesema subiri."

"Hapana. Mimi."

"Unamwona, shemeji? Maneno matatu, na bado anashinda ubishi."

Na Arnulfo akacheka. Mdomo umepinda upande mmoja, mate kidogo, lakini ni kicheko chake. Nilikuwa sijakisikia tangu Machi. Niligeuka nikaangalia ukuta wa spana muda mrefu.

Nimeruhusu kazi ianze. Hela ya vifaa nimetoa. Yule mama wa kufundisha kusema nimempigia simu, asubiri hadi Novemba. Hernán hajaniongelesha tangu mchana.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika nikiwa gereji, daftari gotini.

Injini imefunguliwa. Silinda ya tatu ina mchubuko mrefu, kucha inakwama ukiipitisha. Gildardo aliniita niguse. Arnulfo hata hakuja kutazama, alikaa kwenye kiti chake kama mtu anayesubiri chenji. Anakuja kila siku. Gildardo anamwekea kifaa kwenye kiganja, anasema neno, anasubiri. Leo Arnulfo amesema "ringi". Nimesikia mwenyewe. Si vizuri sana, lakini ni ringi.

Bei ya ufundi bado hawajaelewana. Mwenye gari anaipandisha, fundi anaishusha, wateja wengine wanadhani wamelewa. Asubuhi hii Arnulfo alichoka na ubishi. Akachukua penseli kwa mkono wa kushoto — tangu augue hajawahi kushika penseli — akaandika kwenye kifuniko cha boksi la beringi. Ilimchukua muda, ulimi nje. Tarakimu moja na sifuri mbili.

"Nne," anasema Gildardo. "Mia nne, yaani laki nne. Amekubali."

"Hapana."

"Mbona kichwa chake kiko wazi juu? Hiyo ni nne."

Nimeishi na nne za Arnulfo miaka thelathini na moja, kwenye kalenda, kwenye magunia, nyuma ya picha za harusi yetu. Ile ni tisa. Imepinda, imekosa kufunga, lakini ni tisa, laki tisa.

Gildardo ameniletea boksi. Amelishika kwa mikono miwili, na macho yake yananiomba. Arnulfo naye ananitazama, penseli bado mkononi.

"Haya, shemeji. Wewe soma."