Bakary Alivyopika Sabuni Akaiita Dawa ya Muhogo

Mpendwa Mama Auleria, naomba msaada kabla sijaaibika. Mimi ni Mwantumu wa Lionja, binti yetu Asmaa anatoka unyagoni wiki ijayo na muhogo wetu ni ule mchungu, ambao siku zote tunauvundika kwenye maji mpaka ulainike ndipo tuuanike, sasa safari hii tulichelewa kuchimba, mume wangu Bakary akaenda Ruangwa akarudi na unga wa vimeng'enya vya bakteria wa baharini, unaotoa madoa ya mafuta kwenye nguo hata kwa maji baridi, akasema kama unamaliza mafuta basi sumu ya muhogo itaushindaje, akauchemsha kwanza kama tunavyochemsha mizizi ya dawa ili upate nguvu, akaumimina kwenye muhogo, kesho yake tukauanika ukiwa mgumu vilevile, tukatwanga. Chenga nikawapa kuku, wakafa, Bakary akasema ni ugonjwa wa mdondo. Anasema nikikataa kupika ugali wa unga ule nitakuwa nimemdharau mbele ya ndugu zake. Nifanyeje, mama, na mume wangu nampenda?

*

Mwantumu, kuku wameshakujibu, bado unaniuliza mimi?

Kila kimeng'enya kina kazi yake. Cha mafuta hukata mafuta, sumu ya muhogo wala hakiijui. Tena bakteria hao wamezoea baridi na chumvi, na vimeng'enya vyao vingi hupendelea hukohuko. Ukivichemsha vinaharibika, kama ute wa yai ukishaiva haurudi kuwa maji. Bwana wako kanunua sabuni, kaipika, anataka kuwalisha ndugu zake. Mtaalamu kwelikweli! Na muhogo wenyewe una kimeng'enya cha kuvunja sumu yake. Bibi zako walikipa muda kwenye maji, yeye kakinyima.

Pole kwa kuku. Lakini na wewe usijifiche nyuma ya mapenzi, maana mchi ulikuwa mkononi mwako na mashaka ulikuwa nayo.

Unga huo wa muhogo ufukie kwenye shimo refu, mbuzi wasiufikie. Shughulini pika ugali wa mahindi. Muhogo uliobaki uvundike mpaka ubonyee, hata wageni wawe wameshaondoka.

Bakary atanuna, mwache anune. Aliyenuna utamwita kula kesho. Asmaa akishaula ugali ule, huenda ukamwita asiitike.