Mwanangu Alifungwa kwa Khanga Yangu

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie, maana hapa Mwika nikimweleza mtu ataninyooshea kidole, na atakuwa na haki.

Binti yangu Tabitha ana miaka saba, haongei sana, akiongea anarudia maneno ya redioni, kelele zinamuumiza mpaka anaziba masikio, na tangu Januari alipoanza darasa la kwanza kila asubuhi alikuwa akining'ang'ania shingoni pale langoni akilia mpaka wenzake wanatucheka, baba yake Eliakim, ambaye anapandisha wageni mlimani na nyumbani yupo siku chache, akasema nimemdekeza, mama mkwe akasema ni mapepo, na mwalimu, ambaye peke yake ana watoto tisini, akanifundisha nimdanganye, basi nikawa namwambia, "Mama anaenda chooni, anarudi sasa hivi," halafu napita nyuma ya migomba nakimbia, huku namsikia akiniita mpaka nafika barabarani.

Wiki ya tatu alitoka mbio kunitafuta, lori la ndizi likafunga breki karibu limkanyage. Kesho yake mwalimu akaniambia, "Mama Tabitha, huyu atanifia. Lete kitu tumfunge." Nikavua khanga kiunoni, nikamshika mikono mwenyewe, mwalimu akamfunga kwenye mguu wa dawati. Tabitha hakulia, alinitazama tu. Nikaenda kupalilia kahawa, na Mungu anisamehe, niliufurahia ule ukimya.

Siku ya nne ya kumfunga nilimfuata mapema nikamkuta amejikojolea, mikono imechubuka. Tangu hapo yupo nyumbani, haniiti mama, nikimgusa anakakamaa. Eliakim anasema abaki huku huku, shule si ya watoto kama yeye. Je, nimsikilize, au nimrudishe? Na je, mwanangu atanisamehe?

Kornelia, Mwika, Machi 1996

Kornelia,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilikasirika. Mwalimu alikuwa na watoto tisini, wewe ulikuwa na mmoja. Ulimfundisha kwamba mama akisema anarudi sasa hivi, ndiyo ametoweka, kisha ukashangaa anakung'ang'ania. Hakudekezwa, wala hana pepo. Aliogopa, na alikuwa na sababu.

Lakini umesema yote bila kujificha, kwa hiyo nakujibu. Usimfungie nyumbani. Eliakim akishuka mlimani, nendeni wote wawili kwa mwalimu mkuu mkaseme wazi kwamba mtoto huyu hafungwi tena. Akiwazungusha, nendeni kwa ofisa elimu. Halafu mpelekeni hospitali kwa daktari wa watoto, umweleze yote, hata yanayokuaibisha. Na umwombe Tabitha msamaha kwa maneno machache. Asipojibu, usidhani hajasikia.

Jumamosi, shule ikiwa tupu, mpeleke akae darasani, aguse madawati, apige kengele mwenyewe. Jumatatu fikeni kabla ya makelele. Akae karibu na mlango, awe na kitu chake anachokipenda mkononi. Muage akikuona, kwa maneno yale yale kila siku, uondoke ukitembea. Kwa kuanzia, mwache mpaka kengele ya mapumziko tu.

Unauliza kama atakusamehe. Sijui, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Ninachojua ni kwamba ukimwambia utakuja kengele ikilia, ikilia ni lazima uwe umeshasimama mlangoni, mvua inyeshe, ng'ombe asubiri kukamuliwa, na ufanye hivyo hata mwaka mzima bila yeye kukutazama.