Nilivyopanda Mnara na Mdogo Wako

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua. Sisi tunapumua, na watoto wanakula kama nzige. Ningekupigia simu, lakini ningelia tu, usingeambulia neno.

Jumamosi mdogo wako alinitaka tupande ule mnara wa kale katikati ya bustani kuu. Nilishangaa. Miaka yote nikimwomba, hunijibu kwamba mnara ni wa wageni na wapenzi wasio na kazi. Macho yake nilijua yanamsumbua, ila mwenyewe alishikilia kwamba ni ukungu kidogo tu.

Ngazi zake ni nyembamba, zimejizungusha kama konokono. Alipanda kanishika bega, akinitania kwamba nimenenepa hadi nimeziba njia. Nilicheka mpaka pumzi zikanikatika.

Juu kulikuwa na jua na upepo. Wifi, kumbe mji wetu ni mzuri hivi! Mapaa yanametameta, treni inapita kama jongoo. Akaegemea ukingo, akaanza kunionyesha kazi zake, maana nusu ya mabango ya mji huu kayachora yeye: la kinyozi, la duka la dawa, na yule samaki mwekundu kwenye ukuta wa soko.

"Unamwona samaki wangu? Rangi haijachuja hata kidogo."

Ukuta ule umebomolewa juzijuzi. Pale pana shimo na matingatinga. Nikamjibu kwamba namwona, anang'aa.

Kisha akauliza polepole, "Mke wangu, leo umevaa gauni gani?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, juani.

Haoni, wifi. Haoni kabisa. Tulikaa palepale sakafuni akaniambia yote: fundi mwenzake humpitia asubuhi, humkalisha kwenye benchi la karakana, kisha huchora kazi za wote wawili. Alitaka nipate siku moja ya kuutazama mji nikiwa na furaha, kabla sijajua.

Nilimwambia ni lile gauni la kijani. Akasema basi nimependeza.

Amenikataza kumwambia mama. Wewe hakukutaja, ndiyo maana nakuandikia. Njoo, tafadhali. Mimi kulia mbele yake siwezi, atasikia.

Msalimie shemeji. Watoto wanakuamkia.

Ni mimi wifi yako, mke wa mdogo wako.