Paswedi ya Bwana Workneh

Jumatatu, Hidar 2
Jirani yangu Mama Bizunesh anahamia kwa mwanawe Jumapili. Hakuna mwingine wa kubaki usiku na mwanangu Mahlet nikiwa kazini. Nimemwomba msimamizi anitoe zamu ya usiku. Amekubali, kapiga na muhuri. Ila geti la kiwanda halisomi muhuri — linasoma kidole, na kidole changu kwenye kompyuta ni cha usiku.

Jumatano, Hidar 4
Zinash wa ofisini anasema zamu anabadilisha Bwana Workneh tu, mkubwa wa mfumo wa kompyuta. Yuko kanisa la mlimani kwenye maji ya baraka, wiki mbili. Simu kaiacha.
Si unabadilisha paswedi za watu kila siku, nikamwambia.
"Zenu, ndiyo. Ya mkubwa, mfumo unanikatalia. Mdogo hamfungulii mkubwa."

Alhamisi, Hidar 5
Workneh amepiga kwa simu ya shemasi. Paswedi ameisahau! Mfumo ulimlazimisha kuibadilisha siku ya kuondoka, na huko wanahimizwa kusahau ya dunia.
"Basi umeshabarikiwa, kaka," Zinash akasema.
Njia iliyobaki ni tarehe yake ya kuzaliwa. Ukikosea mara tatu, mfumo unafunga mwezi mzima. Kazaliwa Pagume 3, 1971.

Ijumaa, Hidar 6
Kosa la kwanza: Pagume, mwezi wa kumi na tatu wa kalenda yetu. Kompyuta inajua miezi kumi na miwili tu, maskini. La pili: Zinash kageuza kwa kalenda ya kizungu, kaongeza miaka saba. Sasa kaficha mikono kwapani. Hagusi tena.
Mimi sijasoma sana. Lakini Mahlet ni wa Pagume 4, 2015, na kwenye kadi ya kliniki nesi aliandika na ya kizungu: Septemba 9, 2023. Miaka minane, basi. Na Pagume 3 ni Septemba 8. Nimehesabu kwa vidole, mara mbili. Kesho naenda na kadi.

Jumamosi, Hidar 7
Imekubali! Zinash kambusu Mahlet kisigino; nimekuja naye. Halafu kompyuta ikaandika: namba imetumwa kwenye simu yako, itumie ndani ya dakika kumi.
Tukasikia droo ya Workneh ikilia.
Imefungwa. Ufunguo anao mlimani. Zinash kakimbilia karakana kutafuta bisibisi, kaniambia nisiguse kitu. Sigusi. Naandika tu. Zimebaki dakika sita.
Mahlet kajishikilia kwenye droo, anabisha hodi.