Siku Adhiambo Aliponiuliza Kama Niliuona Uso

Ijumaa, jioni. Mvua imenyesha Nyakach nzima tangu saa saba mchana, na viatu vyangu viko mlangoni vimeganda matope meusi. Nimechoka, nimeaibika, na nina furaha. Sijui nianze na lipi.

Nianze na aibu, iishe.

Jumatano, wakati wa michezo, nikiwa mlangoni mwa stafrumu, nilimwona msichana akiruka ua wa waya nyuma ya jikoni kwenda sokoni Katito. Niliandika taarifa palepale: Lavender, wa Form Three. Nikatia sahihi. Shule yetu ni ya kutwa, lakini ukiruka ua unarudishwa nyumbani wiki mbili, na mitihani ya muhula inaanza Jumatatu. Kamati ya nidhamu ilikuwa ikutane leo saa kumi na nusu, na shahidi alikuwa mmoja tu. Mimi.

Siku ya kwanza Lavender alikataa. Alisema tumbo lilikuwa linamuuma, kwa hivyo wakati wa michezo alibaki darasani peke yake amelaza kichwa kwenye dawati. Jana, mbele yangu na naibu wa mwalimu mkuu, alisema tu, "Sijui, Madam." Mimi nikaona huko ni kukiri. Nilirudi nyumbani nikala ugali wangu vizuri kabisa.

Sasa leo saa tisa nilikuwa na kipindi cha saikolojia, katika darasa lisilo la Lavender. Mimi ni mwalimu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, lakini hiki kipindi cha Ijumaa nilikipigania mwenyewe mpaka nikapewa. Naibu hukiita "hadithi za Madam." Somo la leo lilikuwa kumbukumbu.

Niliwasomea maneno polepole: wavu, mtumbwi, ndoano, magamba, chambo, kasia, ziwa, mwiba, na mengine kadhaa. Halafu wakaandika waliyoyakumbuka, na kando ya kila neno wakajipa alama ya uhakika, kuanzia moja hadi tano. Wasichana thelathini kati ya arobaini na mmoja waliandika "samaki." Wengi walijipa tano. Sikuwa nimesoma samaki. Walibisha, wakaapa, mmoja akasema alisikia kwa masikio yake mawili. Nikawaonyesha karatasi. Nikawaambia akili ikikosa kipande hujiwekea chake, na haikwambii kwamba imekiweka. Nilikuwa nimefurahi na nafsi yangu, acha niseme ukweli.

Adhiambo akainua mkono. Huyu ni msichana wa kukaa dirishani, anayeongea labda mara mbili kwa muhula. Alisimama, mikono nyuma.

"Samahani, Madam. Ile taarifa ya Jumatano, wewe ungejipa ngapi?"

Habari ya Lavender ilikuwa imeenea shule nzima. Nilikasirika. Nilitaka kumtoa nje, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilipomtazama sikuona ujeuri hata kidogo. Alikuwa anangoja jibu, basi.

"Tano," nikasema.

"Na uso uliuona?"

Nikafikiri. Sweta ya kijani iliyofungwa kiunoni niliiona, na Lavender ndiye ninayemkemea kila asubuhi kwa kufunga sweta hivyo. Kichwa kilichonyolewa nilikiona, ila shule nzima imenyolewa. Na uso ninao kichwani mwangu hadi sasa, wazi kama picha. Lakini msichana yule alikuwa anaruka kwenda upande wa pili. Alinipa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Uso ule niliuweka mimi.

"Sikuuona," nikasema.

"Asante, Madam." Akakaa. Hakutabasamu, hakuwatazama wenzake. Alichukua kalamu akaendelea kuandika.

Kengele ilipolia nilimwita nikamuuliza kama Lavender ni rafiki yake. Akasema hata hawaongei, walikosana muhula uliopita na Lavender akamtusi mama yake. "Lakini hiyo ni kesi yetu sisi wawili, Madam. Hii ilikuwa nyingine."

Nimefundisha miaka kumi na minne. Katika umri wake nisingethubutu kumuuliza mwalimu hata saa. Yeye amesimama mbele ya darasa zima kumtetea mtu asiyempenda, kwa heshima, kwa kutumia somo ambalo nilikuwa nimelifundisha dakika tano zilizopita na mimi mwenyewe sikulielewa. Namheshimu mtoto huyu. Naandika hapa ili nisije nikasahau.

Nilikwenda moja kwa moja kwa naibu nikafuta taarifa yangu. "Sasa Madam, tutaonekana aje?" akaniuliza. Nikamwambia tutaonekana tulikosea. Alinung'unika, lakini karatasi akaitoa kwenye faili, na kikao hakikufanyika.

Halafu nikamwita Lavender. Tulisimama kwenye varanda, mvua inapiga mabati hadi ikabidi nipaze sauti kuomba msamaha. Nilimwambia sikumwona. Nilidhani atalia, au atafurahi, au atanikasirikia, na nilikuwa tayari kwa yote matatu.

Akaniuliza, "Kwa hivyo sikuruka?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Alisema, "Wewe Madam husemi uongo, na ulikuwa na uhakika sana, nikaanza kufikiri labda nimesahau." Akasema jana usiku alijiona kabisa akiruka, hata akakumbuka waya ukimkwaruza mguu. Asubuhi akamwambia mama yake kwamba ni kweli, ni yeye. Mama hakumsemesha tena hadi anatoka kuja shule.

Mguu wake niliuangalia. Hauna hata mkwaruzo.

Kesho asubuhi naenda Pap Onditi kwa mama yake, nimwambie kwa mdomo wangu. Hilo naliweza, hata akinifukuza. Linalonishinda ni lile jingine. Karatasi imetoka kwenye faili, lakini ule waya niliouweka kichwani mwa mtoto wa watu nitautoaje?